Ghalani au Zizini

Tindiga, Kilosa
14 Januari 2008

Kaka Kulet,

Tangu tuagane Morogoro siku ya mwisho ya mafunzo sijakuandikia, na sababu ni njema: kompyuta zimefika. Zote nane zilikuja juu ya magunia ya chumvi kwenye pikapu ya Anselmi, na hakuna hata moja iliyopasuka. Wazazi wa kikundi chetu cha kompyuta walipanda wenyewe juu ya paa kufunga paneli ya jua. Watoto wa darasa la nne wanakaa watatu watatu kwa kila mashine, na anayegusa vitufe huwa na viwiko viwili mbavuni.

Simu yangu haishiki mtandao mpaka nisimame juu ya kichuguu cha nyuma ya kanisa, na nikipanda huko nusu ya shule inanifuata kusikiliza. Ndiyo maana naandika barua. Anselmi hupita Mikumi kila wiki na mchele, atakuwa posta wetu.

Sasa shida yenyewe. Unakumbuka tulivyokesha tukigeuza maneno ya ile programu kuwa Kiswahili, na penye kusevu tukaweka "Hifadhi", tukajipongeza. Kila siku kazi za watoto kadhaa zinapotea, na wote ni watoto wa wafugaji. Nilidhani mashine ni mbovu. Juzi nikamsimamia mmoja, Namayiana, mwepesi kuliko wenzake wote. Aliandika ukurasa mzima kuhusu ndama, akafika mwisho, akazima. Nikamuuliza mbona hakubonyeza Hifadhi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, baba ametukataza. Kitu kikiingia hifadhini hakirudi."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Mafunzoni walituambia programu hii ni ya bure na iko wazi, kila kikundi kinaweza kubadili neno lisilokifaa. Wewe ndiye uliyelielewa lile somo, mimi nilikuwa nanakili tu ubaoni. Utaweza? Wageni wa Morogoro watakuja mwishoni mwa Machi kuona kazi za watoto. Wakikuta nusu ya darasa haina kitu, zile kompyuta nyingine walizotuahidi watazipeleka kwingine.

Mama amesikia jina lako akauliza una ng'ombe wangapi. Nimemwambia una redio za watu tu.

Ni mimi mwenzako wa mafunzoni,
Raheli Yeremia


Mikumi
20 Januari 2008

Dada Raheli,

Barua yako nimeisomea kibandani, mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua redio zao, na wote wawili walicheka kabla yangu. Hapa Mikumi kila mtu anaijua hifadhi. Nilipowaambia watoto wa kikundi chetu hapa shuleni wabonyeze Hifadhi, Stefano wa darasa la tano alinyoosha mkono akauliza kiingilio ni kiasi gani kwa mwanafunzi. Lakini hawa wanaibonyeza. Kwao hifadhi ni tembo na magari ya watalii. Kwa mfugaji ni mahali ng'ombe wake walipokamatwa. Nilipaswa kuliona hilo mapema kuliko wewe, maana mimi ndiye Mmasai kati yetu.

Sisi shida yetu ni nyani. Jumanne mmoja aliingia dirishani wakati wa uji, akang'oa mausi moja ya kompyuta na waya wake, akapanda nayo mti. Nimeandika ripoti Morogoro: mausi moja, imechukuliwa na nyani. Wamenijibu wakiuliza kama nilikuwa na afya njema siku hiyo.

Neno naweza kulibadili. Ni kazi ya jioni moja. Ila niweke lipi? Uliza wazazi, tusije tukakosea mara ya pili. Ukishapata, nitakutumia flashi ndani ya bahasha.

Huyo mtoto wa ndama, Namayiana, hesabu anaziweza? Nauliza tu.

Mpe mama shikamoo yangu.

Kulet Sironga


Tindiga
31 Januari 2008

Kaka Kulet,

Umeniambia niulize wazazi. Nimeuliza, na sijui kama nitakusamehe.

Tulikaa darasani, wakulima upande wa dirisha na wafugaji upande wa mlango, ingawa hakuna aliyewapanga hivyo. Mzee Kornelio, mwenyekiti wetu, akasimama akasema neno linalofaa ni Ghala. "Kazi ya mtoto ni mavuno yake," akasema, "na mavuno huwekwa ghalani." Upande wa dirisha wakapiga makofi.

Upande wa mlango akasimama baba yake Namayiana, anaitwa Ntutu, mtu mrefu asiye na haraka. Akasema, "Ghalani kuna panya. Halafu kilichomo ghalani hupungua kila siku mpaka kiishe. Kitu ukitaka kiongezeke unakiweka zizini."

Kornelio akamuuliza kama anataka watoto wa watu waandike juu ya mavi. Ntutu akamjibu kwamba mavi hayo hayo Kornelio huja kuyaomba kila mwaka kwa ajili ya bustani yake ya vitunguu. Hapo hata sisi wa dirishani tulicheka, na Kornelio mwenyewe akacheka, lakini hatukuafikiana. Tumeondoka na Ghala kura zake, Zizi kura zake, na kitufe bado kinasema Hifadhi.

Namayiana hesabu anaziweza. Kwa nini unauliza?

Mama amepokea shikamoo yako, anasema marahaba. Tumemaliza kupandikiza mpunga juzi na mgongo wake unamuuma, lakini anaimba, kwa hiyo si mgongo wa kutisha.

Raheli


Mikumi
6 Februari 2008

Dada Raheli,

Nimecheka mpaka mteja akanyakua redio yake akidhani naicheka. Huyo Ntutu namfahamu kidogo. Ni mtu wa namna hiyo hiyo siku zote.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Nimetengeneza mafaili mawili ya maneno. Kompyuta nne zitasema "Weka ghalani", nne zitasema "Weka zizini". Kila mtoto akae anapopenda. Kazi inakwenda mahali pamoja, mashine haijali umeiita nini. Nimekuandikia hatua zote kwenye karatasi, fuata moja moja, na ukikwama panda kichuguu unipigie.

Habari ya nyani: amerudisha mausi. Ameiacha juu ya bati. Waya amebaki nao.

Swali la hesabu ni la mtu mwenye shughuli chache. Usilijali. Salamu kwa mama na mgongo wake.

Kulet


Tindiga
19 Februari 2008

Ndugu Kulet Sironga,

Flashi nimeipokea. Sijaiweka. Wazazi hawakutani kwa sasa, na watoto wa wafugaji hawaji shule.

Raheli Yeremia
Mwalimu


Mikumi
25 Februari 2008

Dada Raheli,

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipocheka, sijapaona. Kama flashi ndiyo mbovu, sema, nitatuma nyingine. Kama nimekuudhi kwa neno, sema pia. Mimi ni fundi redio, nimezoea kuambiwa kilichoharibika.

Watoto wamekuwaje? Ni ugonjwa? Namayiana naye haji?

Shikamoo kwa mama.

Kulet


Tindiga
3 Machi 2008

Ndugu Kulet,

Si ugonjwa. Mwezi uliopita, alfajiri moja, kundi la ng'ombe liliingia katika shamba la mpunga la mama mmoja hapa kijijini, mjane. Miche ilikuwa imeshika vizuri. Wasichokila walikikanyaga. Palipokucha, shamba zima lilikuwa tope lenye alama za kwato.

Ng'ombe ni wa Ntutu. Alipoitwa na mtendaji alisema ng'ombe hawasomi mipaka. Vijana wa huku walichukua mapanga wakaelekea bomani kwake, mtendaji na mchungaji wakawakuta njiani wakawarudisha. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini kesho yake Kornelio na wenzake waliamua kwamba watoto wa upande ule wasiguse tena kompyuta, nao wakaacha kuja shule. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye katibu wa kikundi. Nilikuwepo na sikusema kitu.

Umeuliza kama umeniudhi. Hujaniudhi. Wewe ni mtu mwema. Ila kila nikianza kukuandikia, naona kwato.

Wageni hatujawazuia, watakuja tu, wakute watakachokikuta.

Raheli


Mikumi
8 Machi 2008

Dada Raheli,

Nimekuelewa. Sitakuandikia utani leo.

Shamba hilo ukubwa wake ni kiasi gani? Liko upande wa mtoni au upande wa reli? Na je, masika yakianza mtu akipata miche mingine, bado inawahi?

Kibanda nitakifunga siku chache. Nimepata kazi ya redio upande wa Msowero.

Anselmi ameniambia jambo moja kuhusu huyo mjane, ambalo wewe hukuniandikia. Nami sitakuuliza.

Kulet


Tindiga
18 Machi 2008

Kaka Kulet,

Redio ya Msowero inaendeleaje? Natumaini imepona, maana huku tumeona matibabu yake.

Jumatano asubuhi nilikuwa nafagia uani. Nikasikia njuga. Nikainua macho nikamwona Ntutu anakuja na maksai wawili, nyuma yake mwanawe amebeba plau waliyoiazima Msowero, na mkewe Seleina nyuma yao na kibuyu. Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni, na nakwambia kweli, kwa muda sikujua mwiko ule utatumika kwa kazi gani.

Ntutu akasema, "Shikamoo, mama." Mama hakuitikia. Ntutu akasubiri. Akasema, "Nilisema ng'ombe hawasomi mipaka. Hilo ni kweli. Lakini mimi nimesoma mpaka la tatu." Kisha akapita moja kwa moja akaenda shambani.

Kaka, huyo mtu hajashika plau maisha yake yote. Mstari wa kwanza ulianza shambani ukaishia kwa jirani. Maksai walimtazama kama wanavyomtazama mgeni. Mama alivumilia mistari mitatu, kisha akafunga kanga kiunoni, akaingia topeni, akampokonya plau akamwambia, "Wewe shika ng'ombe wako, hicho ndicho unachokijua." Wakalima hivyo mpaka jua kichwani, yeye nyuma, Ntutu mbele, wakigombana njia nzima. Majirani walikuja kutazama, na waliokuja kutazama wakaona aibu kurudi mikono mitupu, wakaenda kuleta miche iliyowabakia. Kornelio ndiye aliyeleta mingi kuliko wote, akaitua ukingoni mwa shamba. Jumamosi tulimaliza kupandikiza.

Wakati wa chai nikamuuliza Ntutu kilichombadilisha. Akasema, "Mdogo wangu wa Mikumi alikuja. Alikaa kwangu siku mbili akakataa maziwa yangu."

Nikamuuliza mdogo wake ni nani. Akanishangaa. "Si yule mnayeandikiana?"

Kwa hiyo Namayiana ni mtoto wa kaka yako. Uliniuliza hesabu zake na nikakujibu kama mjinga. Kwa nini hukuniambia? Nimekaa na hasira hiyo nusu saa nzima, kisha nikakumbuka kwamba mimi nilikuandikia "mama mmoja hapa kijijini", na mama huyo alikuwa amelala chumba cha pili akilia. Sikutaka udhani nakudai wewe kwa kuwa ni Mmasai. Basi tumetoka sare.

Mama anasema nikwambie hivi: shikamoo yako ya Februari hakuipokea, iko hapa mlangoni, uje uilete tena mwenyewe.

Bado habari ya neno. Jana wazazi walikaa tena, watoto wote wakiwepo, na wale wa upande wa mlango wamerudi. Ghala na Zizi zikaanza upya, ila kwa vicheko. Seleina alikuwa amekaa chini na mtoto mgongoni. Unajua Kiswahili chake ni cha kutafuta. Akasema, "Hii kazi ya mtoto ni kama mtoto. Mtoto mnamweka ghalani? Mnamweka zizini?" Akasema, "Mtoto anatunzwa." Kisha akamgeuza mwanawe akamnyonyesha, kwake mkutano umekwisha.

Kornelio alitazama juu kwa Ntutu, Ntutu akatazama chini kwa mkewe. Hakuna aliyepiga kura.

Tunza, kaka. Tafadhali tuandikie Tunza. Wageni wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo.

Raheli


Mikumi
22 Machi 2008

Dada Raheli,

Flashi hii hapa. Neno ni moja kwa mashine zote nane, na nimelibadili kwa zetu za Mikumi pia. Stefano amesikitika, anasema sasa hataona tembo. Nimelipeleka na kwa wale wa Morogoro, wawape vikundi vingine, nikaandika kwamba limetolewa na Seleina wa Tindiga. Wameuliza Seleina ana shahada ya nini.

Sikukuambia habari ya Namayiana kwa sababu sikutaka apendelewe. Nilitaka nimsikie kwa mtu asiyemjua. Baada ya ng'ombe kuingia, nilinyamaza kwa sababu nyingine. Niliogopa utaacha kuniandikia.

Kaka yangu na mimi tulikuwa hatujazungumza vizuri tangu nilipokuja mjini kujifunza ufundi. Kwake mtu asiye na ng'ombe ni kama mgonjwa, unamwonea huruma lakini humwombi ushauri. Kwetu kukataa maziwa ya mtu ni kumkataa mwenyewe, na nilipokataa yake siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili Seleina aliyaleta mwenyewe, nikayakataa, na kaka akatoka nje akakaa na ng'ombe mpaka jioni. Aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Huyo mama ana watu wa kumlimia?" Nikasema ana binti, mwalimu. Akasema, "Yule anayemfundisha wangu?" Nikasema ndiye. Basi. Sikumwambia alime. Hilo la plau ni lake mwenyewe, na sikuamini mpaka nilipoipata barua yako.

Maziwa niliyanywa asubuhi yake, vibuyu viwili. Sitaki usikie kwa Anselmi kwamba niliugua.

Ijumaa sitaweza kufika, wageni wanaanzia kwetu kisha wanakuja kwenu. Niandikie kila kitu.

Kulet


Tindiga
29 Machi 2008

Kaka Kulet,

Walikuja watatu, kijana mmoja na akina dada wawili, wamechoka na wana vumbi mpaka kwenye kope. Tuliwapa uji. Wakapita mashine moja moja wakifungua kazi za watoto, na kila mtoto alikuwa na kitu chake. Wengine wana picha ya nyumba yenye moshi wa zambarau. Mwana wa Kornelio ameandika hesabu za vitunguu. Dada mmoja akaniambia polepole kwamba nusu ya shule walizopita hawakukuta kitu, watoto hucheza wakazima.

Kisha wakaomba mtoto mmoja asome kwa sauti. Kabla sijachagua, Namayiana alikuwa amesimama. Darasa lilijaa wazazi, mama yangu amekaa mbele kabisa, Ntutu ameegemea mlango kwa sababu kwenye madawati yetu magoti yake hayaingii.

Namayiana akasoma kichwa cha habari: "Siku ng'ombe wetu walipoingia shambani kwa bibi."

Kaka, nilitamani paneli ya jua izimike.

Alisoma yote. Jinsi kaka yake aliyekuwa akichunga alivyosinzia, jinsi ng'ombe dume mweusi alivyotangulia, jinsi vijana walivyokuja njiani na mapanga na yeye akajificha nyuma ya mbuzi. Akafika mahali pa kusema, "Ng'ombe wakala majani ya bibi."

Mama akasimama. "Si majani," akasema.

Namayiana akamtazama.

"Majani yanaota yenyewe," mama akasema. "Ile ilikuwa miche ya mpunga. Niliipanda kwa mkono."

Nikafungua mdomo nimsihi mama akae, lakini mtoto alikwisha kukaa mbele ya mashine. Akafuta neno. Tulimsikia akitafuta herufi, moja baada ya nyingine. Akasoma tena: "Ng'ombe wakala miche ya mpunga ya bibi."

Kutoka mlangoni Ntutu akasema, "Bibi ana jina."

Namayiana akageuka. "Nani?"

"Magdalena," akasema Ntutu. "Andika."

Akaandika. Akaendelea kusoma habari ya plau na mistari iliyopinda, na hapo watu wakaanza kucheka, mama akacheka kuliko wote, akimnyooshea Ntutu kidole. Wageni walicheka bila kujua wanachekea nini. Zile kompyuta nyingine tumepewa, zitakuja baada ya mvua.

Walipokuwa wanaondoka mama alimfuata Namayiana kwenye mashine akamuuliza, "Sasa ukizima, jina langu linakwenda wapi?"

"Haliendi, bibi. Nimelitunza."

Tukarudi nyumbani, tukala, tukalala. Leo ni Jumamosi na shule imefungwa. Nimeamka nikakuta amekwisha kuoga, amevaa kitenge chake cha kanisani, anataka nichukue ufunguo. Tumekwenda. Nimeiwasha, nimefungua kazi ya Namayiana, nimemsomea mahali penyewe nikimwonyesha kwa kidole.

Ameliangalia jina lake muda mrefu. Kisha akaniambia niizime, niiwashe tena, aone.

Lipo.

Raheli